Saiti mira za Datsun 240Z hapa Mtwara: ipi inaonyesha barabara, ipi ni pambo

Mwenye Datsun 240Z akitafuta saiti mira, macho yake hukimbilia ganda: linang'aa vipi, limechongoka vipi, litaendana na bampa au litaitia gari aibu. Kioo chenyewe hukiangalia siku ya kuingia barabarani, na hapo mlango umeshatobolewa. Mapitio haya yanaanza na kioo. Ganda tutalifikia, maana kwa hewa ya chumvi ya Mtwara nalo lina mambo yake, lakini ganda zuri lililobeba kioo kibaya ni hatari iliyopakwa kromu.

Tumeichagua 240Z kwa sababu ndiyo spoti ya zamani ambayo Afrika Mashariki inaijua kwa matendo. Ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Karibu yote tunayoeleza yanafaa pia MGB, Triumph TR na Celica za mwanzo. Kinachotofautiana ni umbo la mlango.

Gari hii ni fupi. Haifiki mita 1.3 kwenda juu, dereva amekaa chini, nguzo ya nyuma ya paa ni pana na kioo cha nyuma kimelala. Nyingi zilitoka kiwandani na saiti mira moja tu, upande wa dereva. Leo barabara ya Mtwara kwenda Mingoyo ina malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kushusha bandarini, msimu ukifika yanaongezeka ya korosho, na ukiingia Mikindani au mjini bodaboda wanapita kushoto kwako kama kushoto ni kwao. Saiti mira moja haitoshi. Zinatakiwa mbili, na kila moja ina kazi yake tofauti na mwenzake.

Kioo bapa na kioo mbinuko

Kioo bapa kinaonyesha lori kwa ukubwa wake, ila kinakata kipande chembamba cha barabara. Kioo mbinuko kinaonyesha eneo kubwa, ila kila kilichomo kinasinyaa. Wengi wanalijua hilo kwa juu juu. Wasichokijua ni kwamba kusinyaa kunategemea pia umbali wa kioo kutoka kwenye jicho, na hapo ndipo watu wanapoponzwa.

Chukua kioo mbinuko cha kawaida cha gari, chenye nusu kipenyo cha mm 1,200, yaani kana kwamba kimekatwa kwenye tufe lenye nusu kipenyo hicho; namba ikipungua, mbinuko unakuwa mkali zaidi. Kikiwa mlangoni upande wa dereva, sm 70 hivi kutoka jichoni, lori linaonekana chini kidogo ya nusu ya ukubwa ambao kioo bapa kingeuonyesha. Kioo hicho hicho ukikihamishia mlango wa kushoto, mita 1.3 kutoka jichoni, lori linabaki theluthi. Ukikipeleka mbele juu ya madigadi, mita 1.6, linabaki robo na kidogo. Sasa lipeleke jambo hilo barabarani. Lori lililo mita 60 nyuma yako, kwenye kioo mbinuko cha upande wa dereva linasomeka kama liko mita 130. Dereva anaona nafasi, anatoka kulipita basi lililo mbele, kumbe nafasi haipo.

Ndiyo maana msimamo wetu ni huu: kulia, upande wa dereva, weka kioo bapa. Kushoto weka mbinuko wa kati ya mm 1,200 na mm 1,400. Kulia ndiko unakotokea kupita magari, na hapo unahitaji kujua umbali. Kushoto unahitaji kujua kama kuna mtu, basi. Pikipiki ikionekana ndogo haidhuru, ilimradi imeonekana.

Kuna mtego kwenye pea zinazoagizwa kutoka Marekani. Kule dereva anakaa kushoto, kwa hiyo kioo bapa kimewekwa kwenye saiti mira ya kushoto na mbinuko kwenye ya kulia, na ule wa kulia huchapwa maandishi ya kuonya kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Ukifunga pea hiyo kwetu kama ilivyokuja, umepata kinyume kabisa cha unachohitaji. Kama vioo ni vya duara, vibadilishane nafasi ndani ya maganda. Kama maganda yana umbo la kushoto na kulia, muulize muuzaji kabla hujalipa kama anakuuzia vioo peke yake.

Kupima ni kazi ya dakika moja, na tunakuomba uifanye pale pale unaponunua. Chukua rula ya chuma, isimamishe kwa ukingo wake juu ya kioo ipite katikati. Kwenye kioo bapa rula inalala yote, mwanga haupiti. Kwenye mbinuko wa mm 1,200 rula inagusa katikati tu, na ukihesabu mm 50 kutoka hapo kwenda kila upande utakuta pengo la mm 1. Pengo likifika mm 2, mbinuko ni wa mm 600, mkali mno kwa gari. Lori litakuwa kama kiberiti. Kirudishe. Vioo vingi vya magari ya Japani vimechapwa namba pembeni, kwa mfano SR1400, nayo ndiyo nusu kipenyo kwa milimita.

Aina nne, pamoja na zile za madigadi

Risasi ndogo za kromu, zenye umbo la risasi ya bunduki. Hizi ndizo zinazopatikana kirahisi zaidi mtandaoni, hazina jina la maana, pea moja bei chini ya nusu ya nyingine zote hapa. Umbo linaipendeza 240Z, hatubishi. Lakini kichwa chake mara nyingi hakizidi sm 9, kioo kina mbinuko mkali pande zote mbili, na ganda ni zinki ya kumimina iliyopakwa kromu nyembamba. Kromu ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Upepo wa kusi ukileta mvuke wa chumvi, chumvi inapenya kwenye vitundu hivyo, inaikuta zinki, zinki inaoza na kuvimba, kromu inainuka vipele vyeupe. Hakuna dawa, ukisugua unaondoa kromu iliyobaki. Kwa gari inayolala Shangani au Mikindani, usitegemee ganda la namna hii likuvushe misimu mingi. Kifundo cha ndani kinachogeuzia kichwa nacho ni dhaifu: ukivuka kilomita 80 kwa saa, upepo unakikunja kichwa taratibu kuelekea mlangoni, na wewe unajikuta unatazama kitasa. Hatuzipendekezi, labda kwa gari ya maonyesho.

Mtindo wa Kiingereza, kama Tex zilizofungwa kwenye MGB. Kichwa cha mstatili wenye kona za duara, shingo fupi, kitako kipana. Hii ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kwa huku kwetu, ukiipata yenye kichwa cha stenlesi. Shingo fupi maana yake mtetemo mdogo. Kioo cha mstatili kinatumia upana wote kuonyesha barabara, wakati duara linapoteza kwenye kona. Inauzwa ya bapa na ya mbinuko, kwa hiyo unaagiza moja moja unavyotaka. Udhaifu wake ni kwamba hata yenye kichwa cha stenlesi shingo inaweza kuwa zinki yenye kromu. Itageuka vipele kabla kichwa hakijapata doa. Pitisha sumaku na ncha ya kisu: zinki ni nzito, haivutwi na sumaku, na ukiikwaruza kwa chini panapofichwa na mpira inaonyesha kijivu laini. Sumaku ikinata kwa nguvu kwenye kichwa, hilo ni bati la chuma lililopakwa kromu, litashika kutu kuanzia kwenye mkunjo wa ukingo. Wanaotaka uasili wa Kijapani watasema haikai vizuri kwenye Datsun. Rangi ya kromu ikiendana na fremu za madirisha, inakaa.

Talbot za Ujerumani, zilizozoeleka kwenye Porsche za miaka ya 1950 na 1960. Duara safi juu ya shingo iliyopinda. Kwa uzuri, hakuna inayozipita. Zile nzuri zina uzito unaousikia mkononi na kifundo kinachokaza kwa skrubu, kwa hiyo upepo hauzisogezi. Kasoro ni urefu wa shingo: kwenye bati jembamba la mlango wa 240Z kichwa kinatetemeka injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, na taa za gari la nyuma zinageuka mistari. Ukiwa tayari kufanya kazi ya bati la ndani tutakayoieleza, ni chaguo zuri. Kama fundi wako anataka kutoboa na kukaza tu, ziache.

Vitaloni Sebring za Italia, zenye umbo la tone lililolala, zilizopendwa kwenye spoti za Kiitalia za miaka ya 1970. Ganda lake linafaa kupakwa rangi ya gari, na hilo peke yake ni faida kubwa pwani: rangi nzuri juu ya praima inastahimili chumvi kuliko kromu mbovu, na ikichubuka fundi rangi wa hapa hapa anairekebisha. Kitako ni kikubwa, kinatulia. Nakala ni nyingi kuliko za kiwandani. Dalili ya nakala mbaya ni mshono wa kumimina ulioachwa bila kupigwa tupa ndani ya mdomo wa ganda, na kioo kinachocheza ukikigusa ukingoni. Ganda limejaa kwa mbele, kwa hiyo linafunika kidogo mtembea kwa miguu anayesimama kona ya kulia unapokata njia panda. Kitako chake kikifungwa sm 2 nyuma zaidi, tatizo linapungua.

Zinabaki zile za madigadi. Japani ililazimisha saiti mira zikae mbele juu ya madigadi hadi mwaka 1983, ndiyo maana Fairlady Z, jina la gari hii kwa soko la kule, zinazo. Kama gari yako imekuja nazo na matundu yake ya kiwandani, zitunze, ni sehemu ya historia ya gari. Lakini kuzitoboa upya kwenye gari isiyokuwa nazo hatukushauri. Hesabu ni rahisi: kioo bapa cha sm 10 mlangoni, sm 70 kutoka jichoni, kwa umbali wa mita 20 nyuma kinaonyesha karibu mita 3 za barabara. Kioo hicho hicho juu ya madigadi kinaonyesha mita 1.35, haitoshi hata upana wa lori moja. Ukiweka mbinuko ili upate eneo, unarudi kwenye lile lori la robo ukubwa.

Kutafuta mahali pa kutoboa

Watu wanakosea hapa kuliko kwenye kununua. Wanapima kwa futi kutoka ukingo wa mlango, kulia na kushoto sawasawa, wanatoboa. Gari ikitazamwa kwa mbele inapendeza, dereva haoni. Jicho la dereva haliko katikati ya gari, kwa hiyo hakuna sababu ya saiti mira mbili kukaa kwa ulinganifu kamili. Ya kushoto mara nyingi inataka kusogezwa mbele sm 3 hadi 5 kuliko ya kulia ili iepuke kufichwa na abiria, lakini isiende mbele mpaka ikajificha nyuma ya nguzo ya kioo kikubwa.

Dereva halisi wa gari akae kwenye siti yake, amefunga mkanda, siti iko pale anapoiweka siku zote. Mtu wa pili ashike saiti mira kwa tepu ya karatasi kwenye bati la mlango. Kanuni namba 46 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya magari ina vipimo viwili vinavyofaa kutumiwa hata kwenye gari iliyoundwa kabla yake. Cha kwanza: kioo cha upande wa dereva kisimlazimishe kugeuka zaidi ya nyuzi 55 kutoka mbele. Kwa vitendo, kama kioo kiko sm 45 pembeni mwa jicho, kiwe angalau sm 32 mbele ya jicho. Cha pili: simamisha ndoo mita 20 nyuma ya jicho la dereva, moja usawa wa ubavu wa gari, nyingine mita 4 nje yake. Zote mbili zionekane pamoja. Kioo mbinuko cha kushoto kinazimudu. Kioo bapa cha kulia chenye sm 10 hakitazimudu zote bila dereva kusogeza kichwa kidogo mbele, na huo ndio mkopo unaolipa kwa kupata umbali wa kweli. Anayetaka kupunguza deni achukue kichwa cha mstatili chenye sm 12 au zaidi.

Kabla ya kuweka alama, fungua mlango hadi mwisho. Kichwa kisiguse madigadi. Shusha na pandisha kioo cha dirisha ukisikiliza reli ya mbele inapita wapi ndani. Tundu likiangukia kwenye reli, hakuna bolti itakayokaa. Kwenye MGB hakikisha kidirisha cha pembetatu kinafunguka chote.

Kufunga

Vifaa: drili, biti ya mm 3 na ya mm 6.5, panchi, tupa ya duara, tepu ya karatasi, sumaku, praima ya epoksi, bolti za stenlesi za M6, nati zenye nailoni, washa pana, mpira wa mm 1.5 hadi 2, na kipande cha bati la mm 1.5 au 2 kwa kila mlango, upana sm 6 kwa sm 8.

Toa kava la mlango kwanza. Kiwiko cha kushushia dirisha kimeshikwa na klipu ya umbo la U kwa nyuma. Pitisha kitambaa kati ya kiwiko na kava, ukivute huku na huku, klipu inaruka. Ishike kwa mkono wa pili la sivyo utaitafuta chini ya siti. Nailoni ya ndani ibandue taratibu, usiichane, ndiyo inayozuia maji ya mvua kuingia kwenye kava.

Pandisha kioo cha dirisha hadi juu kabisa kisiwe nyuma ya biti. Bandika tepu mahali pa kutoboa, chora alama juu ya tepu ukitumia kitako chenyewe kama kielelezo, si mpira wake, kwa sababu mpira hunyooka na kudanganya. Gonga panchi kidogo tu. Bati la mlango halifiki mm 1 na likibonyea, fundi bodi ndiye atakayekula hela. Zungushia biti tepu ukiacha mm 5 zitokeze ili isizame ndani. Anza na mm 3, maliza na mm 6.5, mwendo wa polepole.

Sasa hatua ambayo karibu kila gereji inairuka. Piga tupa makali ya tundu, ndani na nje. Fagia vumbi la chuma ndani ya mlango kwa sumaku iliyofungwa kwenye waya, hadi chini kabisa kwenye matundu ya kutolea maji. Vumbi hilo likibaki, kwa unyevu wa hapa linashika kutu mara moja, linaziba matundu, maji yanatuama, na mlango unaoza kuanzia chini. Mwenye gari atalaumu mvua ya masika. Kisha paka praima ya epoksi kwenye ukingo wa tundu, mipako miwili, uache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Tundu lisilopakwa praima linaanza kuoza chini ya mpira, mahali ambapo huoni mpaka rangi ivimbe.

Lile bati la mm 1.5 linakaa ndani, nyuma ya bati la mlango, bolti zinapita kwenye vyote viwili. Lipinde kidogo lifuate mviringo wa mlango, lipake praima pande zote. Kazi yake ni kuondoa mtetemo: bila bati hilo, bati la mlango linafanya kazi kama ngozi ya ngoma, na kichwa cha saiti mira kinacheza. Wengine hutibu mtetemo kwa kuongeza mpira mnene chini ya kitako. Wanauzidisha, kwa kuwa mpira laini unakipa kitako nafasi ya kuyumba. Mpira kazi yake ni kuzuia maji na kutenganisha metali mbili zisilane. Mm 2 zinatosha.

Paka bolti grisi. Stenlesi ikikutana na zinki au alumini ya kitako palipo na maji ya chumvi, zinki na alumini ndizo zinazoliwa, na baada ya mwaka bolti imeganda. Kaza kwa mkono hadi mpira uanze kujaa pembeni, ongeza robo mzunguko, basi. Ncha ya bolti isizidi nati kwa zaidi ya nyuzi mbili au tatu. Kabla ya kurudisha kava, shusha dirisha kwa mkono taratibu ukimulika na tochi: kati ya ncha ya bolti na kioo cha dirisha iwepo nafasi ya sm 1 angalau. Ikiwa chini ya hapo, kata bolti sasa. Mlango ukibamizwa kioo cha dirisha huyumba, na mchubuko mmoja wa bolti unatosha kukipasua.

Kama saiti mira yako inashikwa kwenye kitako kwa skrubu ndogo ya alen, weka tone la gundi ya kuzuia nyuzi za skrubu zisilegee, ile ya buluu inayofunguka kwa ufunguo. Nyekundu usiiguse.

Kioo cha kubadilisha, na kuchora namba

Saiti mira nzuri yenye kioo kibaya inaokolewa hapa hapa. Kioo bapa atakukatia fundi vioo yeyote. Sema unataka cha mm 2, na kama ana cha mm 3 tu, pima kwanza kina cha ukingo wa ganda. Kioo mbinuko hakitengenezwi mjini, lakini kioo kizima cha saiti mira iliyovunjika ganda ya gari ya Kijapani ni kikubwa kiasi cha kutoa duara la sm 10. Kikatwe kidogo zaidi ya kielelezo, kingo zimaliziwe kwa msasa wa maji.

Kingo zilizokatwa zimeacha wazi fedha ya nyuma, ule mpako unaokifanya kioo kiakisi, na doa jeusi linaloanzia ukingoni kuelekea katikati ni chumvi inayokula fedha hiyo. Zibe ukingo wote kwa vanishi isiyo na rangi. Hata rangi ya kucha inafaa, mipako miwili. Kubandika, tumia silikoni isiyonuka siki. Ile inayonuka siki inatoa asidi wakati wa kukauka na inaila fedha kwa nyuma. Utaona wingu la kahawia katikati ya kioo na utadhani umeuziwa kioo kibovu. Weka madonge manne, usijaze nyuma yote, ili siku ya kukitoa uzi wa nailoni upite.

Kuchora namba ya gari kwenye kioo tunakushauri, wezi wapo. Ila kwenye kioo cha sm 10 herufi zisizidi mm 5, na zikae chini upande wa nje. Mchoraji achore kwa mbele. Akichora kwa nyuma anaondoa fedha, na umemfungulia chumvi mlango katikati ya kioo.

Kurekebisha ukiwa umemaliza: ubavu wa gari uonekane kwa moja ya tano ya kioo, si zaidi, na upeo wa barabara upite katikati. Kwa anayesafiri usiku kwenda Lindi au Masasi, shusha kioo bapa cha kulia kidogo sana, kwani kwenye gari fupi kama hii taa za lori la nyuma zinaingia moja kwa moja machoni.

Kila wiki mwagia maji baridi yasiyo na chumvi, ndani ya ganda pia, halafu kausha. Kromu na stenlesi zipake nta ya gari kila mwezi wakati wa kusi. Mara moja kwa mwaka fungua kitako, angalia praima ya tundu, badilisha mpira ukiwa umepasuka, paka grisi upya na ukaze.